SOMO: Kutafuta sheria ya jinai vitabuni, ukianzia kwenye hati ya mashtaka

Wanakikundi, habari za jioni. Jumamosi iliyopita mwenzetu mmoja alikuja kwangu Cheyo, hapa Tabora, na mfuko wa salfeti umejaa vitabu vya sheria vya mtumba, saba kwa hesabu yangu, kimoja bila jalada. Akavipanga kwenye mkeka chini ya mwembe, akauliza: "Mzee, nianze na kipi?" Nikamwambia nipe hati ya mashtaka. Hakuwa nayo. Alikuwa na vitabu saba na hajui mdogo wake kashtakiwa kwa kifungu gani.

Somo hili limezaliwa pale. Mimi si wakili. Nilikuwa karani wa masijala, kazi ya kutafuta majalada na kugonga mihuri, na miaka yote hiyo nilikuwa nasikiliza. Kesi nzito ipelekeni kwa wakili. Haya ni ya kukusaidia usipotee kabla hujafika kwake.

HATUA YA KWANZA: Shika hati

Hati ya mashtaka ni karatasi moja, mara nyingi haijai hata ukurasa. Tuchukue mfano wa kutunga. Juu kuna jina la mahakama. Chini yake: "KOSA: Wizi, kinyume na vifungu vya 258 na 265 vya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16." Kisha: "MAELEZO YA KOSA: kwamba wewe, usiku wa tarehe fulani, eneo la Ng'ambo, Manispaa ya Tabora, uliiba madumu mawili ya asali, mali ya fulani."

Anza na jina la mahakama, maana ndilo linaloamua kitabu. Kama ni Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, utaratibu uko kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20 ("Sura" hapa ni namba ya sheria nzima kwenye orodha ya sheria za nchi), iliyotungwa mwaka 1985. Kama ni Mahakama ya Mwanzo, Sura ya 20 ifunge uiweke pembeni. Mwenendo wa jinai wa Mahakama ya Mwanzo uko kwenye Jedwali la Tatu la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11. Nimeona watu wazima wakibishana na hakimu wa Mwanzo huku wameshika Sura ya 20 kama msahafu, na hakimu anawatazama tu.

HATUA YA PILI: Tazama mwaka wa toleo

Kitabu cha sheria huchacha. Kwa nje kinang'aa, ndani kimeshaharibika. Kanuni ya Adhabu utaikuta mitaani kwa Marejeo (yaani toleo lililorekebishwa) ya 2002, ya 2019 na ya 2022. Marejeo ya 2023 yalianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na humo baadhi ya namba za vifungu zimesogea. Namba ninazotumia kwenye somo hili ni zile za zamani tulizozizoea. Ukiwa na toleo jipya na namba haikubali, usihangaike: tafuta kwa jina la kosa lililoandikwa pembeni ya kifungu, halafu andika kwa penseli namba ya zamani kando ya mpya. Hukumu zote za miaka iliyopita zinatumia za zamani, utazihitaji.

Na kosa lenyewe hupimwa kwa sheria iliyokuwepo siku linapodaiwa kutendeka. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(c), inakataza mtu kuadhibiwa kwa jambo ambalo siku hiyo halikuwa kosa, na pia kupewa adhabu kubwa kuliko iliyokuwepo siku hiyo. Kwa hiyo toleo la zamani usilitupe jikoni likawashie mkaa.

HATUA YA TATU: Kisome kifungu chote, tena kwa kalamu

Hapa ndipo nataka tukae. Watu wengi wakifika kifungu cha 265 wanaona "miaka saba", wanafunga kitabu na kuanza kulia.

Rudi 258. Kifungu hicho kinasema mwizi ni yule anayechukua kitu kinachoweza kuibwa, kwa udanganyifu, na bila dai la haki. Chora mstari chini ya kila kipande. Amechukua? Kifungu hicho hicho kinaeleza kwamba huhesabiwi kuchukua kitu mpaka ukisogeze au usababishe kisogee. Aliyekutwa ameinama mbele ya madumu ya asali na hajayagusa ana hadithi tofauti na aliyekutwa nayo njia ya Kwihara. Kwa udanganyifu? Bila dai la haki? Tuseme kijana anasema, "Hii asali ni ya mizinga yetu mimi na kaka yangu, tuligombana kwenye mgawo." Kama anaamini hivyo kwa dhati, mpeleke mwanzo kabisa wa Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 9, kinachozungumzia mtu aliyetenda kuhusu mali akiwa na dai la haki la kweli bila nia ya kudanganya.

Kurasa zile za mwanzo hakuna anayezisoma, na ndizo zenye ulinzi wa mshtakiwa: ugonjwa wa akili, ulevi, kujitetea, na umri. Mtoto wa chini ya miaka kumi hawajibiki kijinai. Wa chini ya miaka kumi na miwili hawajibiki pia, mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hakupaswa kutenda lile. Hayo yako kifungu cha 15.

Sasa ndiyo uende 265. Miaka saba ni kikomo cha juu, na kifungu chenyewe kina "isipokuwa" katikati yake: isipokuwa pale ambapo, kwa mazingira ya wizi au aina ya kitu, kuna adhabu nyingine. Ukiona "isipokuwa", fungua kurasa zinazofuata. Wizi wa mifugo una kifungu chake, wizi wa mtumishi kwa mwajiri wake una chake.

HATUA YA NNE: Mwenendo

Mwishoni mwa Sura ya 20 kuna Jedwali la Kwanza. Tafuta kifungu cha kosa lako humo; litakuonyesha kama polisi wanaweza kukamata bila hati ya kukamata na ni mahakama ipi inaweza kusikiliza. Ni jedwali refu na linachosha, lakini linajibu kwa dakika mbili maswali ambayo watu hulipia soda na nauli.

HATUA YA TANO: Ushahidi

Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, ya mwaka 1967. Hapa nitawaambia aibu yangu, maana ninyi ni watu wangu.

Mwaka 2018 nilimsaidia jirani kuandika sababu za rufaa. Shahidi mkubwa alikuwa mtoto wa miaka tisa. Mimi nikafungua kopi yangu ya zamani, kurasa zimekuwa za njano, nikaandika kwa kujiamini kwamba hakimu hakumhoji mtoto kwanza kupima kama ana akili ya kutosha na anajua maana ya kiapo. Hoja nzima ilisimama juu ya hilo. Siku ya kusikilizwa, wakili wa serikali akasimama na kusema sentensi moja: kifungu cha 127 kilirekebishwa kwa Sheria Namba 4 ya 2016, na siku hizi mtoto wa umri mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila kwanza aahidi kusema ukweli na siyo uongo. Akakaa. Jirani yangu akageuka kunitazama kule nyuma nilikokaa. Hoja iliyokuwa na uzito ilikuwa kuangalia kama ahadi hiyo imeandikwa kwenye kumbukumbu za mwenendo wa kesi, nami sikuwa hata nimeigusa.

HATUA YA SITA: Kesi zilizoamuliwa

Kifungu kinakwambia sheria, hukumu inakwambia majaji wanakisomaje. Zamani ilibidi uombe maktaba ya mahakama ikufungulie majuzuu ya Tanzania Law Reports. Siku hizi ingia TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, kwenye simu, bure. Ukiona TZCA kwenye namba ya hukumu, ni Mahakama ya Rufani. TZHC ni Mahakama Kuu. Rufani ikishasema, walio chini wote wanafuata, kwa hiyo anza na TZCA ya karibuni.

Turudi kwenye asali. Mlinzi anasema alimwona kijana usiku akiruka ukuta. Ushahidi wa kuona kwa macho una kesi yake mashuhuri: Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ya 1980. Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa utambuzi wa namna hiyo ni dhaifu sana, na mahakama isiutegemee mpaka iondoe kila uwezekano wa kukosea. Alimtazama kwa muda gani? Umbali gani? Mwanga ulitoka wapi na ulikuwaje? Alikuwa anamfahamu kabla? Ukiyaandika hayo manne kwenye daftari na kuyalinganisha na maneno ya mlinzi, umeshafanya kazi kubwa kuliko vile vitabu saba.

HATUA YA MWISHO: Vitabu vya wataalamu

Ndiyo, viko mwisho kwa makusudi. Kitabu cha maelezo kinakufundisha njia, hakichukui nafasi ya sheria yenyewe. Kwa hapa kwetu ninachokipenda ni cha Jaji B.D. Chipeta, A Magistrate's Manual, na wana Tabora mtembee kifua mbele: kilitolewa na wachapishaji TMP hapa hapa Tabora mwaka 1988. Ana kingine cha waendesha mashtaka. Anaeleza hatua kwa hatua jinsi hakimu anavyosoma shitaka, anavyoandika jibu la mshtakiwa na anavyojenga hukumu. Ila kumbukeni 1988 ni lini. Kwa ushahidi wa mtoto, mwamini Chipeta kwa historia tu.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Kutoka Nzega: Shikamoo mzee. Nimesoma kifungu cha 148 cha Sura ya 20 kuhusu dhamana. Mbona ndugu yetu mwenye kesi ya unyang'anyi wa kutumia silaha kanyimwa?

Marahaba mwanangu. Uliishia kifungu kidogo cha kwanza. Shuka mpaka cha tano. Pale yameorodheshwa makosa yasiyo na dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na mengine. Hakimu hajamwonea hapo.

Kutoka Urambo: Mjomba kafungwa na Mahakama ya Wilaya, leo siku ya kumi na mbili. Tunasubiri nakala ya hukumu ndipo tukate rufaa. Tuko sawa?

Hapana, na kimbieni leo. Kifungu cha 361 cha Sura ya 20 kina muda wa aina mbili unaotembea pamoja. Taarifa ya nia ya kukata rufaa ni ndani ya siku 10, na hiyo haisubiri nakala yoyote. Sababu za rufaa ni siku 45, na humo siku za kusubiri nakala hazihesabiwi. Ninyi mmepitwa na ule wa kwanza. Kifungu hicho hicho kinaruhusu Mahakama Kuu kuongeza muda kukiwa na sababu ya msingi. Andikeni maombi na kiapo, elezeni kila siku ilipotea vipi. Mjomba akiwa gerezani, mwulizeni kwanza: wafungwa wengi hutoa taarifa kupitia ofisi ya gereza, huenda ameshafanya.

Kutoka Sikonge: Na hizo siku 10 ni kwa Mahakama ya Mwanzo pia?

Hapana, dada. Kutoka Mwanzo kwenda Wilaya ni siku 30, Sura ya 11. Ndiyo maana nilisema anza na jina la mahakama.

Kutoka Kigoma Ujiji: Marehemu baba mdogo alikuwa wakili. Ameacha Archbold moja na Sarkar ya ushahidi, nene kama tofali. Nivilete kwa treni au niviuze?

Archbold ni kitabu cha mahakama za Uingereza, kilianza 1822 na hutolewa upya kila mwaka. Kizuri, lakini mwenendo wake ni wa kwao. Kiuze kama unahitaji nauli. Sarkar, kitabu cha maelezo ya sheria ya ushahidi ya India, usimpe mtu. Sheria yetu ya Ushahidi ilifuata ile ya India ya 1872, na mahakama zetu zimekuwa zikimnukuu Sarkar miaka yote. Tena hapa kuna kichekesho: India wenyewe waliiweka kando sheria ile tarehe 1 Julai 2024, wakaleta nyingine. Kwa hiyo kwako wewe Sarkar ya zamani ndiyo bora kuliko mpya. Ni mahali pekee kwenye somo hili ambapo nitakwambia kitabu kikuukuu ni bora kuliko kipya.

Kutoka Igunga: Je, vitabu vya India vya kanuni ya adhabu navyo vinafaa hivyo hivyo?

Kidogo sana. Kanuni ya Adhabu ya India ilitumika Tanganyika tangu 1920, ikaondolewa 1930, tukapewa kanuni yenye asili ya Queensland kule Australia. Maneno ya vifungu hayafanani.

Kutoka Ipuli: Mzee, Kiingereza changu cha shule ya kata kinaishia mlangoni. Nifanyeje?

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, lakini vitabu vingi bado utavikuta kwa Kiingereza. Mbinu yangu: tafuta TanzLII hukumu ya Kiswahili ya kosa lile lile. Jaji atakuwa ameshakifafanua kifungu kwa lugha yako. Kisha rudi kwenye kifungu ukiwa na maana kichwani.

Kutoka Isevya: Hicho cha Chipeta nimekitafuta stendi yote. Unaweza kuniazima?

Hakitoki nyumbani, nimeshaibiwa viwili na watu ninaowaita wanangu. Njoo Jumamosi baada ya saa tisa, utasomea hapa mkekani, karanga zipo. Na uje na hati ya mashtaka.