Mgongo ukikaza: mambo ya kupanga kabla haujakushika

Mgongo haubishi hodi. Unainama kuinua jerikani ama kuokota tu slipa, kitu kinashika hapo chini karibu na kiuno, na ghafla huwezi nyooka, huwezi keti, hata kukohoa ni shida. Na saa hiyo ndio watu huamua vibaya sana: mwingine anakimbizwa akadungwe sindano hajui ni ya nini, mwingine anaambia mtoto apande amkanyage mgongo, mwingine analala wiki mbili akingoja uchungu uishe kabisa ndio aamke. Hii nawaandikia watu wetu wa Nakuru wenye mgongo ndio unalipa nyumba, wabeba mizigo wa soko la Wakulima, kina mama mboga, mafundi, madereva wa Eldoret, wauguzi wanaogeuza wagonjwa usiku kucha. Panga haya mambo sasa ukiwa mzima.

Cha kwanza kabisa jua muda, juu kutojua kunaleta hofu na hofu inafanya misuli ijifinye zaidi. Ile kukaza yenyewe huchukua sekunde ama dakika chache, inaachilia, halafu inarudi ukijigeuza vibaya. Siku mbili tatu za kwanza ndizo mbaya zaidi. Baada ya hapo inaanza kulegea, na ndani ya wiki moja ama mbili wengi wanatembea na kufanya kazi ndogo ndogo, ingawa ule ugumu wa asubuhi unaweza kukaa hadi wiki ya nne, hata ya sita. Kuna utafiti mkubwa ulifanywa Sydney, Australia, ukachapishwa 2014, watu zaidi ya 1,600 ambao mgongo ulikuwa umewashika karibuni, na nusu yao walikuwa wamepona kufikia siku ya 16 au 17. Nusu. Maana yake hao wengine walichukua muda zaidi na bado hiyo ni kawaida, kwa hivyo siku ya kumi ikifika na bado unasikia kitu, usikubali mtu akwambie umeharibika maisha. Ikipita wiki 12 ndio madaktari wanaita maumivu sugu, na hapo matibabu yanabadilika.

Na kitu ningependa kila mtu ajue, uchungu mkubwa si lazima jeraha kubwa. Misuli ikisikia kuna mahali pameguswa inakaza ili ipalinde, na inaweza kukaza vibaya sana hata kama hakuna mfupa umevunjika wala kitu kimetoka mahali pake. Ndio maana kama hakuna dalili za hatari (nitazitaja hapo chini) eksirei ya wiki za kwanza mara nyingi haibadilishi matibabu, inakula tu pesa ulizohitaji kwa chakula.

Sasa hizo siku zipeleke kwa mfuko wako. Kama unalipwa kwa siku, weka kando angalau pesa ya siku tatu hadi tano za chakula, hata kama ni kidogo kidogo kwa simu, na usiziguse. Ongea mapema na mwenzako wa kibanda cha jirani mkubaliane, mmoja akishikwa mwingine anamfungulia na kumuuzia nyanya zisioze. Ukiwa umeandikwa, uliza sasa utaratibu wa siku za ugonjwa ukoje na ni barua gani wanataka. Na kama bado hujajiandikisha SHA, ile bima ya afya ya serikali, piga *147# leo, usingoje ufanyiwe hiyo kazi na mtu amesimama kando ya kitanda.

Nyumbani kuna mambo watu hawafikirii kabisa. Choo kwa mfano. Kama mnatumia choo cha shimo, kuchuchumaa mgongo ukiwa umekaza ni mateso, na nimeona watu wakikataa kula na kunywa maji ndio wasiende, halafu wanafunga choo na kujikamua ndio mgongo unashika tena. Tafuta mapema stuli iliyokatwa tundu katikati ama ndoo imara ya kukalia usiku. Vitu unavyotumia kila siku, sufuria, unga, chaja, vipandishe kiwango cha kiuno. Kama kuna mtoto mdogo, amueni ni nani atambeba hizo siku, shangazi, dada mkubwa, jirani, na mwenye mgongo aletewe mtoto akiwa ameketi.

Kuamka kitandani nako kuna namna yake, na ni vizuri uijaribu leo bila uchungu ili mwili uizoee. Usiinuke moja kwa moja. Kunja magoti, jigeuze mwili wote pamoja hadi ulale ubavu, shusha miguu kando ya kitanda, halafu jisukume juu na mikono. Kulala, weka mto katikati ya magoti ukilala ubavu, au chini ya magoti ukilala chali. Godoro likiwa limebonyea katikati ni shida, lakini si lazima uhamie sakafuni ama kwa mbao, ngumu sana haisaidii kuliko ile imara ya kawaida.

Dawa. Hapa tafadhali nisikilizeni vizuri, wazee hasa. Dawa kama ibuprofen na diclofenac zinasaidia kwa siku chache lakini si za kila mtu: ukiwa na vidonda vya tumbo, shida ya figo, presha, ugonjwa wa moyo, ama una mimba, uliza daktari au kemisti aliyesomea kabla hujazinunua, na uulize sasa, siyo siku ile umelala unalia na mtoto ndiye ametumwa dukani. Hizo mbili ni za familia moja, kwa hivyo ukishadungwa diclofenac usirudi nyumbani uongeze ibuprofen. Ule utafiti wa Sydney ulikuwa wa paracetamol, na waliomeza na ambao hawakumeza walipona kwa muda ule ule, kwa hivyo usiizidishe ukidhani itaharakisha. Dawa za kulegeza misuli huleta usingizi, mtu wa boda asizimeze halafu apande pikipiki.

Joto ni rafiki. Chupa ya maji moto imefungwa na leso, dakika 15 hadi 20, unarudia baadaye, na usiilalie maana watu wameungua hivyo. Kwa baridi ya Molo ama Njoro hii ni ya kuwa nayo kabisa. Kukandwa polepole ni sawa, kuvutwa na kukanyagwa hapana.

Sasa zile dalili. Ziandike mahali kila mtu wa nyumba ataziona: ganzi sehemu za siri au matakoni pale unapokalia, mkojo kukataa kutoka ama kutoka bila wewe kujua, choo kukupita, miguu kulegea. Hiyo ni dharura, unaenda hospitali kubwa siku hiyo hiyo hata kama ni saa nane usiku. Pia usikae nyumbani ikiwa mgongo umeanza baada ya ajali au kuanguka, una homa, unakojoa kwa uchungu, ama umewahi kuwa na saratani. Na kwetu huku tusisahau TB, inaingia hata kwa uti wa mgongo, kwa hivyo uchungu usiopungua, jasho la usiku na kukonda vinataka vipimo. Weka kwa simu namba ya mtu wa teksi ama tuktuk unayemwamini, pikipiki siku hiyo haitawezekana.

Kitanda ni cha siku moja, mbili zikizidi. Anza kuzunguka ndani ya ploti hata kama ni hatua chache kila saa, kesho ufike barabarani. Utasikia uchungu kiasi na hiyo haimaanishi unajiharibu. Ukirudi kazini anza na mzigo nusu, na mwenye gari akikuletea gunia la viazi lenye limejazwa hadi likafungwa kilemba, kumbuka kanuni za viazi za 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50, una haki ya kusema hapana na uitane na mwenzako mbebe wawili.

Shida ni kwamba huu ugonjwa hupenda kurudi. Hapo kuna habari njema kutoka Australia tena, 2024, watu 701 waliokuwa wamepona mgongo: waliopangiwa mazoezi ya kutembea, wakilenga dakika 30 mara tano kwa wiki, walikaa kama siku 208 kabla urudi, na wale ambao hawakupangiwa siku 112. Kutembea tu, bila jimu. Anza na dakika kumi, ongeza kila wiki, na kama kazi inakumaliza muda wote, jioni ukirudi shuka stage mbili kabla ya yako.