Namna ya kubishana na anayesema "mpigeni tu, atasema"

Msimu wa korosho ukianza huku Mtwara na wizi nao unaanza, magunia yanapotea, dogo mmoja anakamatwa, basi kijiweni utasikia "wakamchape huko kituoni atawataja wenzake." Kama hukubaliani na hilo usianze na haki za binadamu, watakucheka na kahawa utalipa wewe.

Anza kwa kuuliza: mmejuaje kama ni yeye? Halafu nyamaza. Maana hoja nzima ya kutesa imesimama hapo, kwamba mliyemshika anajua, sasa kama hajui je? Mtu anayepigwa virungu vya nyayo haendelei kusema "sijui" mpaka asubuhi, atataja jina lolote linalomjia, hata la shemeji yako, na askari watalifuata hilohilo.

Hapo lazima atokee mjuaji alete habari ya bomu, eti limetegwa kwenye feri ya Msangamkuu na aliyelitega unaye mkononi, utamwacha? Usilikimbie, ni swali gumu kweli, mi mwenyewe likinibana naona pengine ningempiga. Ila mtoe kwenye stori mlete kwenye yaliyotokea: Ibn al-Shaykh al-Libi, Mlibya aliyekuwa akiendesha kambi ya mafunzo ya wapiganaji Afghanistan, alikamatwa 2001, Wamarekani wakampeleka Misri, akateswa huko akasema Iraki inawafundisha al-Qaeda silaha za sumu, Februari 2003 Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo, akayabeba maneno hayo mpaka Umoja wa Mataifa, mwezi uliofuata vita ikaanza, na 2004 jamaa akayakana, kumbe alisema ili wamwache. Waache wanywe kahawa kwanza.

Wakisema hayo ni ya Wazungu, wakumbushe Mzee Mwinyi, 1977 aliachia uwaziri wa mambo ya ndani kwa sababu watuhumiwa wa kule Shinyanga walifia mikononi mwa dola, na wala si yeye aliyewapiga. Katiba nayo, ibara ya 13(6)(e), inakataza kutesa mtu na haijaandika "isipokuwa mwizi wa korosho" (hii huwa inawachekesha, itumie).

Ila aliyeibiwa usibishane naye. Hiyo ilikuwa ada ya watoto, hasira anayo na ana haki nayo, we msikilize, kisha mwambie taratibu kwamba maelezo ya kukiri kwa kipigo wakili akiyapinga mahakama inaweza kuyatupa, na kama kesi ilitegemea hayo tu basi mwizi anarudi mtaani. Bora akambane mpelelezi: gunia limekutwa wapi, nani aliliona likibebwa, bodaboda gani ililipakia.