Namna ya Kuifuatilia Ligi Kuu ya Rwanda Ukiwa Mwanza

Mpenzi wa soka wa Mwanza kwa kawaida huikumbuka Rwanda mara mbili tu: droo ya mashindano ya Afrika inapoikutanisha timu yetu na ya Kigali, na siku mchezaji aliyekulia huko anaposajiliwa Dar es Salaam. Haruna Niyonzima alitua Yanga mwaka 2011 akitokea APR ya Kigali. Meddie Kagere, aliyewahi kuichezea Rayon Sports, akawa mfungaji bora wa ligi yetu akiwa Simba kwa misimu miwili mfululizo, akifunga mabao 23 msimu wa 2018/2019 na 22 msimu uliofuata. Anayetaka kuwajua wachezaji wa namna hii kabla hawajafika kwetu hana budi kuifuatilia ligi yao msimu mzima, na vifaa vyake ni kaunta buku, penseli, kalamu na simu yenye bando.

Anza na saa, kwa kuwa hapo ndipo wengi hupotea. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Wanyarwanda huhesabu saa kama sisi, kwa hiyo mtangazaji wa redio ya Kigali anaposema mchezo utaanza «saa cyenda», yaani saa tisa alasiri, kwako Mwanza itakuwa saa kumi jioni. Jumamosi yangu ya kwanza niliketi Mwaloni Kirumba, sikio kwenye simu, saa nzima nikisikiliza matangazo ya biashara na salamu, nikaamini mechi imeahirishwa, nikazima. Tangu siku hiyo naandika saa ya Mwanza pembeni ya kila mchezo mara tu ratiba inapotoka.

Lugha isikutishe, kwani maneno machache yanatosha. «Igitego» ni bao, na wingi wake ni «ibitego», kwa mpangilio uleule wa ki- na vi- tulionao. «Amanota» ni pointi, «umusifuzi» ni mwamuzi, «umutoza» ni kocha, «kunganya» ni kutoka sare. Lililo muhimu kuliko yote ni kutofautisha «gutsinda», kushinda, na «gutsindwa», kushindwa, kwa sababu herufi moja tu ndiyo inayogeuza matokeo. Ukiwa na jirani Mhangaza kutoka Ngara, mwombe asikilize pamoja nawe, maana lugha yake na Kinyarwanda zinakaribiana mno.

Sasa fungua daftari. Ligi ina timu 16, kila moja hucheza mechi 30, na raundi kamili ina michezo minane. Chora safu za kawaida za michezo, ushindi, sare, kupoteza, mabao ya kufunga, ya kufungwa na pointi, kisha baada ya kila raundi ujihakiki: jumla ya ushindi wa timu zote lazima ilingane na jumla ya kupoteza, jumla ya sare iwe namba shufwa, na mabao ya kufunga yalingane na ya kufungwa. Ukikuta mabao 61 upande mmoja na 60 upande wa pili, kuna matokeo uliyoyaandika vibaya, na utayapata kwa kurudia michezo minane tu badala ya msimu mzima. Nasisitiza jambo hili kwa sababu misimamo inayosambazwa kwenye simu mara nyingi hunakiliwa kabla michezo yote haijaisha.

Viporo, yaani mechi zilizosogezwa mbele ambazo timu bado inadaiwa, viandike kwa penseli. APR au Rayon wanapokuwa kwenye mashindano ya Afrika, mechi zao za ligi husogezwa, na msimamo huweza kumdanganya asiyetazama safu ya michezo iliyochezwa. APR, timu ya jeshi, imechukua ubingwa mfululizo kuanzia 2019/2020 hadi 2024/2025. Kuiona nafasi ya tano ikiwa na viporo viwili si habari ya kuporomoka kwake. Mtani wake ni Rayon Sports, ambayo mashabiki huiita Gikundiro, na iliyotwaa kombe msimu wa 2018/2019.

Uwe mwangalifu pia unapopima nguvu ya timu nyumbani na ugenini. Timu kadhaa za Kigali hutumia Uwanja wa Pelé uliopo Nyamirambo, na kule Rubavu, ukingoni mwa Ziwa Kivu, Etincelles na Marines zote huchezea Uwanja wa Umuganda. Wawili hao wakikutana, «ugenini» ni neno la kwenye ratiba tu. Mimi huandika jina la uwanja kando ya matokeo, na kwa maoni yangu safu hiyo hufundisha zaidi kuliko ya mabao.

Ukitaka kipimo cha kulinganisha na ligi yetu, tumia michezo ya timu zetu dhidi ya zao. Agosti 2024 Azam iliifunga APR bao 1-0 Dar es Salaam, kisha ikafungwa 2-0 Kigali, katika Uwanja wa Amahoro uliokuwa umefunguliwa upya mwezi Julai ukiwa na viti 45,000, na APR ikasonga mbele.

Ukifika wakati wa kwenda kuona kwa macho, njia ni kuvuka daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, kisha Sengerema, Geita, Biharamulo na Lusahunga hadi mpakani Rusumo. Beba hati ya kusafiria, badilisha fedha upate faranga, na dagaa wa zawadi uwafunge kwenye kikapu, kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Rwanda tangu 2008.