Kusanidi Incus bila kurudia maswali yale yale

Incus ni programu ya kuendesha kontena (mifumo midogo iliyotengwa ndani ya seva moja). Ukiendesha `incus admin init`, amri ya kuisanidi mara ya kwanza, utaulizwa maswali zaidi ya kumi kabla hujawasha hata kontena moja. Mengi ni ya kubonyeza Enter tu. La hifadhi na la mtandao ndiyo ya kutulia nayo.

Kwa kompyuta ya majaribio, mstari mmoja unatosha:

`sudo incus admin init --minimal`

Nisingeutumia kwenye seva ya kazi. Hifadhi yake ni ya aina ya `dir`, yaani folda ya kawaida: kunakili kontena huchukua muda, na kuziwekea ukomo wa nafasi hakuwezekani isipokuwa diski ni ya ext4 au XFS iliyowashiwa `project quotas`. Kuja kubadili baadaye ni kuunda hifadhi mpya na kuhamisha kila kitu.

Hatua ya 1: jibu mara moja, kwa makini. Kwenye seva ya kwanza endesha amri bila `--minimal`. Kwenye swali la hifadhi, chagua `btrfs` au `zfs` (mifumo ya faili inayonakili haraka). Kama una diski tupu, ipe Incus. Usipokuwa nayo, itatengeneza faili la hifadhi ndani ya diski uliyonayo. Ukiulizwa kama seva ifikike kupitia mtandao, jibu `no`, isipokuwa kweli utaisimamia kwa mbali.

Hatua ya 2: hifadhi majibu.

`sudo incus admin init --dump > seva.yaml`

Usilipeleke faili hilo kwingine kama lilivyo, maana limebeba mambo ya seva hii. Kwenye `storage_pools`, futa `source` na kila mstari unaoanza na `volatile` (kama ulitumia diski, andika diski ya seva mpya). Anwani ya IPv4 ya daraja (mtandao pepe unaounganisha kontena) irudishe kuwa `auto`:

```
networks:
- name: incusbr0
  type: bridge
  config:
    ipv4.address: auto
    ipv6.address: none
```

Mimi huzima IPv6 pale tu isipotumika. Jongeza mistari kwa nafasi, kamwe si kwa kitufe cha Tab, YAML (muundo wa faili hili) haikubali.

Hatua ya 3: seva inayofuata.

`sudo incus admin init --preseed < seva.yaml`

Hakuna swali hata moja. Angalizo: kama seva tayari ina daraja au hifadhi yenye jina hilohilo, mipangilio ya faili lako itaandikwa juu ya ile iliyopo.

Hatua ya 4: jaribu.

`sudo incus launch images:debian/12 jaribio`

Kisha `sudo incus list`. Safu ya IPV4 ikibaki tupu baada ya muda mfupi, anza kukagua ngome (firewall) ya seva: mara nyingi ndiyo inayozuia DHCP, huduma ya kugawa anwani, kwenye `incusbr0`.