SOMO: Jinsi ya kumfundisha mtoto historia na jiografia ya Texas nyumbani (wazazi wa darasa la 4 na la 7)

Wazazi wenzangu wa Texas, habari zenu. Shule zikifungua tu maswali yanaanza kumiminika, mtoto yuko darasa la nne kaletewa homuwaki ya historia ya Texas, mzazi mwenyewe kasoma Tabora au Machakos au Bukavu, Maji Maji na Mau Mau anazijua mpaka usingizini ila Sam Houston, jemadari wa vita vya Texas kujitenga na Mexico, hamjui, anajua mji tu. Na ukilikwepa darasa la nne utalikuta la saba, Texas inarudi tena kwa undani zaidi, kwa hiyo tulimalize sasa.

Mi msimamo wangu ni huu, anza na ardhi, tarehe zitakuja zenyewe. Mtoto aliyemezeshwa 1836, mwaka Texas ilipojitenga na Mexico, bila kujua mvua inanyesha wapi, kwizi ikiisha Ijumaa na yeye kashasahau.

Hatua ya 1: Ramani ya karatasi, sakafuni

Siyo ya kwenye simu. Kwenye simu mtoto anavuta kwa vidole, hapati picha ya ukubwa. Idara ya barabara ya jimbo inatoa ramani ya karatasi bure kwenye vile vituo vya wasafiri, chukua hata mbili. Itandaze, mtoto apige magoti juu yake, apitishe kidole kwenye mipaka ya maji: Rio Grande upande wa Mexico, Red River upande wa Oklahoma, Sabine upande wa Louisiana. Ile sehemu ya kaskazini iliyochomoza juu kama kibox mipaka yake imepigwa kwa rula, mwache aigundue mwenyewe.

Halafu mpe ukubwa kwa vitu anavyovijua. Texas ni kama kilomita za mraba 695,000. Kenya ni 580,000 na kidogo, Tanzania 947,000. Yani Kenya inaingia ndani ya Texas nafasi inabaki, na Texas inaingia ndani ya Tanzania nafasi inabaki (Wakenya mtusamehe, namba ndo hizo).

Hatua ya 2: Paka rangi ya mvua

Hii ndo hatua muhimu kuliko zote, msiiruke. Chora umbo la Texas kwenye karatasi, mtoto achukue krayoni ya bluu. Kule mashariki Beaumont mvua inafika karibu inchi 60 kwa mwaka, akoleze. Akielekea magharibi apunguze mkono taratibu, mpaka El Paso ambako ni kama inchi 9 tu, pale karatasi ibaki karibu nyeupe.

Sasa muulize, ungekuwa mkulima ungekaa wapi? Ungekuwa na ng'ombe je? Pamba na misitu ya mbao ni upande ule uliokolea, ranchi kubwa ziko kule kulikofifia, na mtoto kashajibu nusu ya mtihani bila kufungua kitabu. Ile mikoa minne ya asili anayotakiwa kuijua (nyanda za pwani, nyanda za kaskazini ya kati, nyanda kuu, na milima na mabonde ya magharibi) ukiiweka juu ya karatasi hiyo inamkaa vizuri. Majina ayashike kwa Kiingereza cha mwalimu wake, maelezo wewe mpe kwa Kiswahili.

Hatua ya 3: Unga, chumvi na gololi

Vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, maji karibu kikombe, unamimina kidogo kidogo usije ukapata uji. Kanda, bandika kwenye kipande cha boksi kwa umbo la Texas. Magharibi arundike, kule kuna Guadalupe Peak, futi 8,751, hakuna sehemu ndefu kuliko hiyo jimbo zima. Ashushe polepole mpaka pwani iwe bapa kabisa. Acha ikauke hata siku mbili tatu, usiikimbize kwenye oveni itapasuka.

Ikikauka weka gololi juu kaskazini magharibi, iachie. Itateremka kwenda kusini mashariki mpaka Ghuba ya Mexico, na huko ndo inakoelekea mito yao mikubwa, Brazos, Colorado, Trinity. Afu aweke vijiti vya meno kwenye miji: Waco iko kwenye Brazos, Austin kwenye Colorado, Dallas kwenye Trinity, San Antonio kwenye mto wenye jina lake. Atakuuliza mwenyewe mbona miji yote iko kwenye maji. Usimjibu haraka.

Hatua ya 4: Watu kabla ya bendera

Vitabu vingi vinakimbilia zile bendera sita za waliowahi kuitawala Texas: Hispania, Ufaransa, Mexico, Jamhuri ya Texas (ilipokuwa nchi yake yenyewe), Shirikisho la Kusini (majimbo ya watumwa yaliyojitenga na Marekani), Marekani. Subiri kwanza. Rudi kwenye karatasi ya mvua uulize nani alikaa wapi. Wacaddo walilima mahindi mashariki kwenye mvua, Wakarankawa walikuwa wa pwani na mitumbwi yao, Wacomanche walikuja kutawala nyanda kavu juu ya farasi. Mtoto anabahatisha kwa rangi, na mara nyingi anapatia.

Hatua ya 5: Kamba mbili

Funga kamba mbili ukutani, moja juu moja chini, na vibanio vya nguo. Ya juu ni ya Texas, ya chini ni ya kwetu. Kila kadi ya juu aitafutie mwenzake wa chini.

Juu 1519, Álvarez de Pineda anapita kwa meli kwenye pwani ya Texas, chini 1498 Vasco da Gama yuko Malindi. Juu 1718, San Antonio inaanzishwa, chini 1698 Waomani wanaichukua Fort Jesus kwa Wareno. Juu 19 Juni 1865, Jenerali Granger anatangaza Galveston kwamba watumwa wako huru, chini 1873 soko la watumwa Zanzibar linafungwa. Juu Januari 1901 mafuta yanaruka Spindletop, kisima cha karibu na Beaumont, chini Desemba 1901 reli ya kutoka Mombasa inafika Kisumu. Juu 22 Novemba 1963 Kennedy anauawa Dallas, chini tarehe 12 ya mwezi uliofuata Kenya inapata uhuru.

Faida yake ni kwamba na mzazi anafundisha kitu anachokijua, siyo kukaa pembeni kushangaa kitabu.

Hatua ya 6: Kisa kimoja mpaka mwisho

Chagua kisa kimoja ukifuate, usirukeruke. Mi huwa nachukua Galveston, ilikuwa bandari tajiri kwenye kisiwa bapa, tarehe 8 Septemba 1900 kimbunga kikapiga, watu wasiopungua 6,000 wakafa. Miezi minne baadaye mafuta Spindletop. Sasa mafuta yapo na bandari iko wazi kwa dhoruba, ufanyeje? Houston wakachimba mfereji wa meli kuja bara, ukafunguliwa 1914. Mtoto wa Houston akielewa hapo anajua kwa nini baba yake anaendesha lori kuelekea bandarini.

MASWALI YA WADAU

Mama wa Fort Worth: Dada asante sana. Binti yangu kauliza sisi weusi tulikuwa wapi kwenye hiyo hadithi ya Alamo, ile misheni ya San Antonio iliyogeuzwa ngome, walikofia wapiganaji wa Texas 1836 wakipigana na Mexico, nikakosa la kusema.

Mama, mwanzie mbali. 1528 kwenye pwani karibu na Galveston kuna watu waliokoka kwenye ajali ya msafara wa Wahispania, na kati ya wanne waliofika mwisho wa safari ile Mexico mwaka 1536 mmoja ni Estevanico, Mwafrika wa Azemmour, Morocco, alikuwa mtumwa. Kwa Alamo mwambie ukweli kwa lugha ya umri wake: Mexico ilipiga marufuku utumwa 1829, walowezi wengi wa Texas walikuwa na watumwa mashambani kwenye pamba, na katiba ya Jamhuri ya 1836 ikaulinda utumwa. Haikuwa sababu pekee ya vita ila ilikuwemo. Binti wa miaka tisa anaelewa vizuri tu.

Mzazi wa Abilene: Mutoto wangu ametoka kambi ya Nyarugusu, wamemuweka la saba, Kingereza bado. Nifanye je?

Pole mzazi. Fanya hatua ya 1 mpaka 3 yote kwa Kiswahili chenu, halafu kila kitu abandike kikaratasi cha neno la Kiingereza juu yake: mto, mpaka, nyanda, pwani. Maneno kama ishirini yanamfungulia sura nyingi. Na nenda shule uombe msaada wa mwanafunzi anayejifunza Kiingereza, ni haki yake, usione aibu.

Kaka wa Katy: Twende Alamo au San Jacinto? Hela ni ya kimoja tu.

Ukiwa Katy nenda San Jacinto, ni karibu, na pale ndo vita vya Texas kujitenga na Mexico viliisha tarehe 21 Aprili 1836, kama dakika 18 tu mapigano yakawa yameamuliwa. Njiani mwambie dogo kwamba Sam Houston aliyeshinda pale baadaye alikuwa gavana na akaondolewa 1861 kwa kukataa kuapa utii kwa Shirikisho la Kusini. Kanisa la Alamo kuingia ni bure ila unabuku muda kabla, linaloumiza ni mafuta na kulala San Antonio.

Mdau wa Columbus: Sisi wa Ohio je, somo halituhusu?

Linawahusu mkuu, badilisha mto tu. Weka kidole kwenye mto Ohio, kaskazini yake hakukuwa na utumwa kisheria, ng'ambo Kentucky ulikuwepo, kwa hiyo waliotoroka walivuka pale. Jimbo lenu ni la 1803, kamba ya chini uijaze mwenyewe ya kwenu.

Mama wa Fort Worth: Na unga ukipasuka dada?

Lowesha kidole, sugua ule ufa, na safari nyingine punguza maji.