Siku nne za mwisho: namna ya kurudi nyumbani kutoka safari ndefu ya kambi ukiwa peke yako

Siku ya 38 ya safari yangu ya tatu niliamshwa na mngurumo wa ile mistari inayochongwa ukingoni mwa lami. Sikumbuki kufumba macho. Nilikuwa kwenye usukani tangu saa kumi na moja alfajiri, sasa ilikuwa saa tisa alasiri, na nyumbani zilikuwa zimebaki kilomita 310. Asubuhi ile nilikuwa nimezipita kambi mbili nzuri, zenye kivuli na maji, kwa sababu moja tu: kichwani nilishafika. Nilishaoga, nilishalala kitandani kwangu. Gari ndilo lilikuwa bado njiani.

Tangu hapo siku nne za mwisho nazipanga kabla hata sijaondoka, na huanza kwa kuchagua kambi ya mwisho. Weka kidole nyumbani kwenye ramani, kisha rudisha nyuma mwendo wa saa mbili au tatu. Hapo ndipo utakapolala usiku wa mwisho. Nimeambiwa mara nyingi kwamba ni ujinga kujilaza kwenye hema wakati kitanda kiko saa mbili mbele. Anayesema hivyo hajawahi kufika kwake saa nne usiku, gari limejaa matope, hema limelowa, na mgongo haukunjuki. Ukilala karibu unafika saa tano asubuhi, jua la kuanikia lipo na nguvu za kushusha mizigo unazo. Tena usiku ule, kwa kuwa hakuna tena pa kukimbilia, mimi huwa nalala vizuri kuliko usiku mwingine wowote wa safari.

Kutoka kambi hiyo gawa njia iliyobaki kwa kurudi nyuma. Katikati ya safari huwa naendesha saa tano kwa siku bila shida, lakini mwishoni sizidi saa nne. Mwili una deni la usingizi la wiki kadhaa: upepo uliopiga turubai, mawe chini ya godoro, mbwa wa watu. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa gari hukata karibu mita 28 kila sekunde. Sinzia sekunde nne tu, na limekwenda zaidi ya mita 110 bila dereva. Na mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huendesha takriban kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi humpeleka dereva kwa polisi.

Kuna nyakati mbili za kuogopa: kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, na kati ya saa nane na saa kumi alasiri. Za usiku ziache kabisa. Za alasiri zipangie kituo, iwe una usingizi au huna. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio ni kujidanganya kwa dakika chache. Kinachosaidia ni hiki: simama mahali salama nje ya barabara, kunywa kahawa, kisha lala papo hapo dakika 15 hadi 20, kengele ya simu ikiwa imewekwa. Kahawa huchukua karibu nusu saa kuanza kazi, kwa hiyo unaamka nayo ikiwa inaingia. Usizidishe dakika hizo, maana ukizama kwenye usingizi mzito utaamka mlevi zaidi ya ulivyolala. Na kama baada ya hapo macho bado mazito, siku imekwisha. Tafuta kambi.

Ukiwa peke yako hakuna wa kukuona kichwa kikidondoka, kwa hiyo jifunze dalili zako. Wengine hupita kibao wasikumbuke kilichoandikwa. Mimi huanza kubishana kwa sauti na watu ambao hawamo garini. Nikijisikia nimeshinda hoja, naegesha.

Jambo linalokwenda pamoja na hilo: usimwahidi mtu saa ya kufika. Mwahidi siku. Ukishasema "saa kumi nipo mlangoni," kila gari la mzigo lililo mbele yako linakuwa adui, na utalipita mahali ambapo usingelipita wiki iliyopita. Mtu mmoja awe na jina la kila kambi utakayolala, na mkubaliane saa ambayo asipopata ujumbe wako aanze kuuliza. Mimi huandika nikishapiga hema, si kabla.

Gari nalo limechoka. Asubuhi ya siku ya nne kutoka mwisho nalikagua kabla halijasogea, tairi zikiwa baridi, kwa kuwa tairi lililokwisha kuzunguka hupata joto na kipimo kinadanganya. Kama ulipunguza upepo kwa ajili ya mchanga, urudishe kabla ya kuingia lami. Angalia na mbavu za ndani za tairi, si zile unazoziona ukiwa umesimama: huko ndiko mawe yanakokata na wewe huchunguliagi. Pima oili. Maji ya rejeta yaangalie injini ikiwa imepoa kabisa, maana kifuniko kikifunguliwa kwa moto kinakurushia mvuke usoni.

Halafu kuna nati za magurudumu, na hapa nina hila ambayo singependa ikupite. Kabla ya safari nazikaza kwa kipimo cha mtengenezaji, kisha nachora mstari mwembamba wa rangi nyeupe unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye rimu. Barabara ya mawe inapenda kulegeza nati polepole, na mkono wako hauwezi kujua. Mstari unajua. Nikizunguka gari asubuhi na kikombe mkononi natazama tu: mistari yote imenyooka, twende. Mara moja nilikuta mmoja umekatika, sehemu ya nati imeiacha ya rimu kwa upana wa punje ya mchele. Nilikaza zote tano, na baada ya kilomita 50 nikasimama kuzikagua tena. Usipokuwa na rangi, spana na dakika kumi zinatosha. Na boliti za kichanja cha juu ya gari pia. Hizo kila mtu husahau.

Chakula hakina maneno mengi. Siku nne hizi usinunue kitu, kula makopo uliyobeba kutoka mwanzo ukijiambia ni ya dharura. Ila mlo mmoja na lita tano za maji zisiguswe mpaka uingie kwako.

Mtungi mdogo wa gesi wa kambi unaweza kuupima kwa sufuria yenye maji. Ukiwa mpya uweke uelee, chora alama pale maji yanapofika. Unavyotumika ndivyo unavyopanda juu, na utajua kama unatosha kwa asubuhi mbili au moja. Usiuache ndani ya gari lililofungwa juani. Na usiku wa mwisho mvua ikinyesha, hata kama umechoka na mikono inakufa ganzi, jiko lisiingie ndani ya hema. Gesi ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye jiko huua, haina rangi wala harufu, na hakuna mwenzako wa kukutoa nje.

Hema ndilo linaloumia zaidi mwishoni, kwa sababu asubuhi ya mwisho ndiyo ya haraka. Likikunjwa bichi kwenye joto, ukungu unaanza ndani ya siku moja au mbili, na yale madoa meusi hayatoki. Kama kuna umande, tenganisha turubai la nje na la ndani. La nje lifute kwa kitambaa, liweke kwenye mfuko wake juu ya mizigo yote, na ukisimama kupumzika litandaze juu ya boneti iliyokwisha kupoa. Dakika 20 za jua zinafanya kazi kubwa. Hata hivyo ukifika nyumbani lianike tena. Pembe na mishono huficha maji. Bonyeza kwa kidole, kikirudi na unyevu, liache usiku kucha. Mfuko wa kulalia usiurudishe kwenye kifuko chake kidogo; uache huru kwenye mfuko mkubwa wa kitambaa, la sivyo manyoya yatalala na hayatakupa joto tena. Toa betri kwenye tochi.

Jioni ile ya kambi ya mwisho huwa natoa daftari na kuandika mambo mawili: vilivyoharibika, na vilivyorudi bila kuguswa. Ukingoja wiki moja utasahau kwamba zipu ya upande wa kulia ilikutesa siku 20, na utaikumbuka tu mvua ya kwanza ya safari ijayo itakaponyesha. Orodha yangu ya vitu visivyoguswa safari ile ilikuwa na viatu vya pili, shoka, na kiti cha mgeni.

Vigingi vihesabu ukiwa bado umesimama palepale ulipolala. Vyangu ni 16. Vikipungua, rudi pembe iliyokuwa na ardhi laini na upapase majani kwa mguu; kama hakipo, angalia chini ya kiti cha dereva.