Kupikia mgonjwa wa figo nyumbani: protini, mboga, chumvi na maji

Kabla ya kuteleka sufuria, uliza jambo moja: mgonjwa ameanza kusafishwa damu kwa mashine (dialisisi) au bado? Jibu hilo ndilo linaloamua atakula samaki, nyama na mayai kiasi gani, na hapo ndipo familia nyingi hupotea. Jirani aliyeuguza mtu ambaye hajafika kwenye mashine huja na ushauri wa kupunguza nyama. Kwa mgonjwa wake ushauri huo ulikuwa sawa. Ukiuleta kwa anayeenda dialisisi mara mbili kwa wiki, unamnyima protini ambayo tayari inapotea kila akisafishwa damu. Mashavu yanabonyea, vidonda vinakawia kupona na maambukizi yanampata kwa urahisi.

Hesabu ni hii. Mtu ambaye ugonjwa wa figo umefika hatua ya 4 au 5, zile za mwisho kati ya tano, na hajaanza dialisisi huhitaji karibu gramu 0.6 za protini kwa kila kilo ya uzani wake kwa siku. Akiwa na kisukari, 0.6 hadi 0.8. Aliye kwenye dialisisi huhitaji gramu 1.0 hadi 1.2. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo ni takriban gramu 36 kwa wa kwanza na 60 hadi 72 kwa wa pili. Ugali, wali, chapati na mboga za siku nzima humpa karibu gramu 20. Ambaye hajaanza anabaki na nafasi ya yai moja (gramu 6) na kipande cha samaki cha gramu 40 (protini gramu 10). Aliye kwenye dialisisi ale mayai mawili, ngege (tilapia) aliyepikwa gramu 100 bila miiba, yaani kama ukubwa wa kiganja bila vidole, na kipande kidogo cha kuku.

Anayepunguziwa protini asipunguziwe chakula. Asiposhiba ugali, wali na mafuta ya kupikia, mwili huanza kula misuli yake wenyewe, na taka zile zile ulizokuwa ukizikwepa hujaa damuni.

Mboga ndizo zinazotaka mkono wa uangalifu, kwa sababu ya potasiamu, madini ambayo figo mbovu hushindwa kuyatoa mwilini. Angalia majibu ya damu ya karibuni. Potasiamu ikiwa ndani ya kiwango, hakuna haja ya kumnyima mboga. Ikizidi 5.5 (mmol/L), au ikipanda kila anapopimwa, pika hivi. Osha sukuma wiki, terere au managu, kisha katakata nyembamba iwezekanavyo. Chemsha maji lita 2 kwa fungu moja, tia mboga na uache zichemke dakika 10 bila chumvi. Mwaga maji yote kupitia chungio, kamua mboga kwa mwiko, kisha kaanga kwa kitunguu na mafuta. Pakua nusu kikombe. Potasiamu huyeyuka majini, kwa hivyo maji yale ndiyo yaliyoibeba. Ukipika mboga kwa maji kidogo hadi yakauke, yote imebaki sufuriani. Akina mama wa huku Kisumu hulijua jambo hili kwa njia nyingine: maji ya kwanza ya managu humwagwa ili kuondoa uchungu. Endelea kuyamwaga.

Mrenda haufai kwa njia hii, kwani ute wake ndio mboga yenyewe na hakuna cha kumwaga. Mpe vijiko viwili vitatu, si bakuli.

Viazi navyo vimenye, ukate vipande vidogo, chemsha kwa maji mengi, mwaga, kisha chemsha tena kwa maji mapya hadi viive. Vipande vidogo hupoteza karibu nusu ya potasiamu vikichemshwa. Kuloweka tu usiku kucha kwenye maji baridi hakusaidii viazi, ingawa watu wengi hukutegemea. Nduma na matoke yafanyiwe vivyo hivyo, na kwa kiasi kidogo. Kwa matunda, nanasi na tufaha ni salama zaidi. Ndizi mbivu, avokado, machungwa, mapera na fenesi zina potasiamu nyingi.

Sasa neno kuhusu "kuongeza damu". Mgonjwa wa figo akipauka, jamaa humtengenezea juisi ya bitiruti au kumpa mchuzi wa managu anywe. Upungufu wake wa damu hutokana hasa na figo kushindwa kutoa homoni inayoamuru mwili utengeneze damu, na tiba yake ni sindano na madini ya chuma atakavyoagiza daktari. Ile juisi ni potasiamu iliyokolezwa kwenye glasi moja, na potasiamu ikipanda sana inaweza kusimamisha moyo.

Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, ikijumlishwa na ile iliyo ndani ya mkate, soseji na viungo vya pakiti. Magadi ya kulainishia mboga ni sodiamu pia. Munyu, ule unaochujwa kutoka kwa jivu la maganda ya maharagwe au magunzi, una potasiamu nyingi, kwa hivyo uondoe kabisa kwenye chakula chake. Hata chumvi zinazouzwa kama mbadala wa chumvi ya kawaida mara nyingi ni potasiamu. Ladha itoke kwa kitunguu saumu, tangawizi, dhania, pilipili na ndimu.

Omena ni chakula kizuri, lakini huliwa pamoja na mifupa, na mifupa ina fosforasi nyingi. Fosforasi ikizidi, ngozi huwasha na mifupa hudhoofika. Chagua ngege au mbuta mbichi. Soda nyeusi na nyama za viwandani zina fosforasi iliyoongezwa, na karibu yote huingia mwilini. Ya maharagwe huingia kwa sehemu tu. Kwa hivyo maharagwe hayakatazwi: yaloweke usiku, mwaga, chemsha, mwaga tena, kisha yapike. Akiwa ameandikiwa vidonge vya kalsiamu vya kuzuia fosforasi, avimeze katikati ya mlo. Vikimezwa tumboni pakiwa patupu havina cha kushika.

Maji, kwa joto la Kisumu, ndiyo mtihani mkubwa kwa aliye kwenye dialisisi. Kusanya mkojo wake wa saa 24 kwenye jagi lenye alama, kisha ongeza mililita 500: hicho ndicho kipimo cha siku. Kinajumuisha chai, uji, mchuzi, supu na maji ya kumezea dawa. Jaza kipimo hicho kwenye chupa asubuhi. Kila akinywa kikombe cha chai, mwaga kikombe kama hicho kutoka kwenye chupa. Ikiisha, siku imeisha. Kiu ikizidi, tazama chumvi kwanza, kisha mpe kipande cha barafu kilichogandishwa kutoka maji yale yale yaliyopimwa, au asukutue na ateme. Mpime kila asubuhi kwa mizani ile ile. Kilo moja iliyoongezeka ghafla ni lita moja ya maji, na kwa mtu wa kilo 60 ongezeko kati ya dialisisi mbili lisipite kilo 2.5 hivi.

Mwenye kisukari, sukari yake ya damu ikishuka hadi atetemeke, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari au glukosi kwenye maji kidogo. Usimpe juisi ya machungwa.

Miguu ikilegea ghafla, moyo ukidunda ovyo, au akishindwa kupumua akilala chali, mpeleke hospitali usiku huo huo ukiwa na majibu ya damu ya mwisho na orodha ya dawa zake, hata kama dialisisi yake ni kesho.